Kisanduku Kati ya Santuri na Spika

Tangu nioe sijawahi kumtazama mama mkwe wangu usoni, na kwa muda mrefu nilijivunia jambo hilo.

Mimi ni mtoto wa Wagikuyu waliohamia Kwanza, nje kidogo ya Kitale, kulima mahindi. Kwetu mama mkwe ni mgeni anayekalishwa mezani, anapakuliwa nyama nzuri, halafu anakuuliza maswali ya kukutoa jasho. Kwa kina mke wangu, Wabukusu wa Bungoma, heshima hupita njia nyingine. Mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja wala hawashikani mikono. Wakikutana njiani, mmoja huingia kando mpaka mwenzake apite. Mama mkwe akiwa na neno kwako, humwambia binti yake, na binti hukuletea, hata kama umesimama nyuma ya mlango na umesikia mwenyewe kwamba kuna mtu ananong'ona. Siku hizi wengi wameilegeza hiyo desturi. Mama mkwe wangu hakuilegeza, nami nikaishika kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa mbele ya darasa. Na nikasifiwa kweli. "Huyu Mgikuyu anajua heshima kutushinda," shemeji zangu walisema, nami kichwa kikavimba.

Kikohozi chake nilikijua, na mlio wa fimbo yake kwenye sementi. Sauti yake sikuijua. Alipozungumza karibu nami ilikuwa ni kwa kunong'ona, na kwa Kibukusu, lugha ninayoijua hadi kwenye salamu ya mulembe, basi.

Sasa niseme juu ya ugonjwa wangu. Nina duka la mbegu na mbolea hapa Kitale, na nikishafunga duka, raha yangu ni santuri. Nina gramafoni, amplifaya ya zamani, na spika mbili ambazo mke wangu huziita makabati yasiyoweka nguo. Asiyejua mambo haya anafikiri hivyo vinatosha. Havitoshi. Sindano ikikwangua sahani ya santuri hutoa sauti hafifu mno, sauti ya mbu, na amplifaya haimsikii mbu. Lazima kati yao kikae kisanduku kidogo cha kuichukua ile sauti, kuikuza na kuipanga, nzito mahali pake na nyembamba mahali pake. Sisi wagonjwa tunakiita priampu. Changu kilikuwa cha plastiki, kidogo hata kinaingia mfukoni, nilichonunua mtandaoni kwa haraka, na nilikuwa nimekwisha kukichukia. Nilisoma maoni ya watu wa mbali kwenye simu, nikajaza kichwa changu maneno, nikaanza kusikia makosa katika kila wimbo. Mgonjwa wa santuri hatosheki. Akipata sindano nzuri anaona waya mbaya, akibadilisha waya anaona kisanduku kibaya.

Sahani iliyonithibitishia ubaya wa kisanduku changu ilitoka kwa marehemu baba mkwe. Vitu vyake vilipogawanywa, mke wangu alipewa katoni ya santuri, kwa sababu katika familia yote hakuna mwingine mwenye gramafoni. Nyingi zilikuwa za gitaa, nzuri, zimetunzwa ndani ya majalada yao. Moja ilikuwa uchi. Karatasi yake ya katikati ilikuwa imeliwa na unyevu hata haisomeki, na mistari yake imekuwa kijivu kwa kuchezwa. Ilikuwa kwaya ya wanawake, wimbo wa kanisa kwa Kibukusu. Katikati ya wimbo wenzake wote wananyamaza na mwanamke mmoja wa sauti ya kwanza anapanda peke yake, juu, juu zaidi. Kwenye spika zangu, pale alipopanda, sauti ilipasuka. Ilikwaruza na kupiga yowe mpaka mbwa wa jirani akaitika.

Nikampa jina: Treni. Treni ya Webuye.

Kila mgeni aliyekuja kwangu alichezewa hiyo sahani. Nilikuwa na mchezo wangu kamili. Mwanamke alipokaribia kupanda, nilisimama katikati ya sebule, nikanyoosha mkono kama mshika bendera wa reli, nikapaza sauti: "Ondokeni relini!" Yowe likapita. Nami nikashusha mkono polepole na kusema, "Imepita. Hesabuni mbuzi." Watu walicheka hata kumwaga chai. Mke wangu, kila mara, aliinuka kwenda jikoni kutazama sufuria. Siku moja aliniambia, "Si uweke ingine?" Nikamjibu kama mwalimu kwamba hii ndiyo sahani ya kupimia, kisanduku kitakachoweza kumtuliza mama huyu ndicho nitakachonunua. Hakusema tena.

Mwenzangu katika ugonjwa huu ni jirani, karani mstaafu wa benki, mtu mnene mwenye kicheko chepesi. Yeye ndiye aliyeagiza visanduku viwili kutoka Nairobi. Kimoja kilikuwa cheusi, cha chuma, kimefungwa pande zote, hakina mapambo. Cha pili kilikuwa na valvu mbili za kioo zilizochomoza juu, na ukikiwasha zinang'aa kama makaa. Tulikubaliana kwamba Jumamosi alasiri tutavijaribu kwangu, tuvipime kwa sahani moja, kila mtu achague chake. Nilingoja Jumamosi hiyo kama watoto wanavyongoja Krismasi.

Katika wiki hiyohiyo mama mkwe alikuwa Kitale. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na hospitali ilikuwa imemfanyia upasuaji wa jicho moja. La pili lingefuata akishapona. Kwangu hakulala, na sikutarajia alale. Alifikia kwa rafiki wa mke wangu wa kanisani, ng'ambo ya barabara, na mke wangu alikuwa akivuka kwenda kumwangalia. Mimi nilitimiza sehemu yangu kwa kumtumia matunda na kukaa mbali. Niliona nimeifanya vizuri sana.

Jumamosi ikaja na mvua, ile ya Kitale inayoanza baada ya chakula cha mchana na kupiga mabati hata mtu na mwenzake hawasikilizani. Mke wangu alikuwa amempeleka mama yake hospitali kubadilishiwa bandeji. Waliporudi walikuta mwenyeji amekwenda mazishini Kiminini na nyumba imefungwa. Mama wa watu yuko mvuani, jicho limefungwa, fimbo mkononi. Mke wangu akafanya jambo ambalo mtu yeyote angelifanya. Akamleta nyumbani kwake, akampitisha mlango wa nyuma mpaka jikoni.

Jikoni kwetu kumetengwa na sebule kwa ukuta wa mbao. Desturi ina dawa ya hali kama hiyo: mtu hutangulia kutoa habari, mkwe akajua, akabaki upande wake au akatoka. Mke wangu aligonga ule ukuta. Akaita. Akagonga tena kwa mwiko. Hayo aliniambia baadaye, kwa sababu sisi hatukusikia kitu. Mvua ilikuwa juu yetu, nami nilikuwa nimefungulia sauti mpaka mahali ambapo glasi kabatini hutetemeka.

"Kwanza tusikie ugonjwa," nilimwambia karani, "ndipo tuchague dawa."

Nikakiacha kisanduku changu cha zamani mahali pake, nikaweka sahani ya kijivu. Kwaya ikaimba. Nikasimama katikati ya sebule. Nikanyoosha mkono. "Ondokeni relini!" Yowe likaja, likapasuka, likapita. "Imepita. Hesabuni mbuzi." Karani alikuwa ameshika tumbo, machozi yanamtoka. Mtu akichekewa hivyo hulewa, na mimi nililewa. Nikaongeza jambo ambalo sikuwahi kulisema kabla.

"Na ukumbuke huyu mama alikuwa na bwana," nikasema. "Lazima mzee alikuwa kiziwi. Mungu hakupi msalaba usioweza kuubeba."

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mke wangu, ambaye hajawahi kuigusa gramafoni yangu kwa sababu niliwahi kumfokea kuhusu vumbi, alikuja moja kwa moja akainua sindano. Ikabaki mvua tu.

"Mama ako jikoni," alisema.

"Mama nani?" karani akauliza, bado anajifuta macho.

"Mamangu." Hakunitazama. Alikuwa akiitazama ile sahani inavyozunguka kimya. "Na huyo mnacheka ni yeye."

Sijui karani aliondoka vipi. Nakumbuka kofia yake ikipita dirishani, na visanduku vyake viwili vimebaki juu ya meza. Mimi nilikuwa bado nimesimama katikati ya chumba, mahali pa mshika bendera. Nilitaka kwenda jikoni nikaanguke miguuni pake, na desturi ilinikataza kuingia aliko. Yeye hakuweza kuja sebuleni kunitukana, kama nilivyostahili. Nilikuwa mtu wa kupiga magoti na sikuwa na mahali pa kupigia.

Kikohozi kikasikika nyuma ya mbao. Kisha mlango wa nyuma, kisha fimbo kwenye sementi. Mke wangu akachukua mwavuli akakimbia. Nilisogea dirishani, nikaona kwamba wanavuka barabara kwenda kukaa kwenye baraza ya nyumba iliyofungwa. Ndipo nikakumbuka kwamba sipaswi kumtazama, nikavuta pazia. Hata wakati huo, nikiwa nimemfukuza mjane mgonjwa kwenye mvua kwa mdomo wangu, niliishika desturi vizuri kabisa. Bado nikikumbuka lile pazia masikio huwaka moto.

Mke wangu alirudi jioni, mwenye nyumba alipofika na ufunguo. Akakaa kwenye kiti cha mbali na changu.

"Ulijua tangu lini?" nilimwuliza.

"Tangu siku ya kwanza. Nimelelewa na hiyo sauti, si ningeijua?"

"Na mbona hukuniambia?"

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Kabla ujue, ulikuwa unacheka sahani tu," alisema. "Ningekwambia, ungekuwa umemtusi mamangu. Sasa hiyo ni kesi. Nikasema acha nivumilie, utachoka." Akavua viatu vyake vilivyolowa. "Lakini wewe huchoki, bana."

Watu wote waliowahi kukaa sebuleni kwangu wakanipita kichwani mmoja mmoja, na chai zao, na vicheko vyao, na yeye kila mara akiinuka kwenda kutazama sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Jumatatu sikufungua duka mapema. Nyumba ilikuwa tupu. Nilitaka kumsikia mara moja tu kama binadamu, bila mchezo. Nikaunganisha kile kisanduku cheusi cha karani, nikaweka sahani, nikakaa. Kwaya ikaimba. Wenzake wakanyamaza. Akapanda. Hakukuwa na yowe. Ilikuwa sauti ya msichana, nyembamba, iliyonyooka, isiyotetemeka, inapanda kama mtu anayejua nyumba anayokwenda. Nikaisikia hata pumzi aliyovuta kabla ya kuanza, fupi, ya woga. Na nikasikia kwamba wenzake waliporudi walikuwa wameanza kuzama chini ya wimbo, na ni yeye aliyewavuta juu wote mpaka mwisho.

Nikajaribu cha valvu. Hicho kilimfanya awe laini zaidi, mtamu, mnene kidogo, kama vile amekula asali. Ni sauti ambayo wengi wangeipenda. Lakini ile pumzi ya woga ilikuwa imezama ndani ya asali. Nikarudisha cheusi.

Kisha nikakichukua cha zamani nikitupe. Nilipokigeuza, nikaona chini yake swichi ndogo ambayo nilikuwa nimeisahau. Sindano si za aina moja: ziko zinazotoa sauti ya kutosha, na ziko zinazotoa hafifu sana, na kisanduku huambiwa kwa swichi kinahudumia ipi. Yangu ni ya kutosha. Swichi ilikuwa upande wa hafifu. Nikakumbuka siku nilipokileta; nilijaribu pande zote mbili, nikaona upande huu unapiga kelele zaidi, nikafurahi, nikaacha hapo. Kumbe kilikuwa kimeshindiliwa sauti kuliko kinavyoweza kubeba, na kila aliyeimba kwa nguvu alipasukia ndani yake. Nikairudisha swichi kwa ukucha, nikakiunganisha tena. Yule msichana akapanda bila mkwaruzo wowote.

Haikuwa sauti yake hata kidogo. Treni ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeipanda mimi, nikapiga honi, nikamsingizia yeye. Nilikaa pale na kisanduku mapajani, mtu mzima mwenye duka na watu wanaomsalimu mjini, nikatamani sakafu ipasuke.

Mama mkwe alirudi Bungoma jicho lilipopona. Hakusema neno baya. Niliposikia amefika salama nilimtumia blanketi nzuri. Ilipokewa kwa shukrani, ikawekwa juu ya kiti cha wageni ikiwa bado ndani ya nailoni yake, na hapo ikakaa. Kisha siku ya kurudi kwa jicho la pili ikakaribia, na mke wangu alipompigia simu kumkumbusha, alijibiwa kwamba haji. Jicho moja linatosha kuonea njia ya kanisani.

"Amesema nini kingine?" nilimwuliza mke wangu.

"Amesema Kitale kuna kelele."

Hapo shida ikawa si aibu yangu tena. Daktari alikuwa ameeleza kwamba lile jicho lingine halioni isipokuwa mwanga. Mwanamke angebaki nusu kipofu kwa sababu mkwe wake alipenda kuchekesha watu. Wala sikuweza kumpigia simu, wala kumwandikia, wala kusimama mbele yake. Nilikwenda Bungoma kwa shangazi ya mke wangu, dada ya marehemu, ambaye kwao anaitwa senge na ambaye kazi yake katika mambo kama haya ni kusimama katikati. Anakaa karibu na soko. Nilimkuta akichambua maharagwe, akaendelea kuyachambua mpaka nilipomaliza hadithi yote, na swichi pia, isipokuwa lile neno la kiziwi.

"Unajua kwa nini hiyo sahani haina nguo?" aliniuliza. "Kakangu ndiye aliipasua nguo yake. Alikuwa anaitoa anairudisha, anaitoa anairudisha, mpaka karatasi ikaisha. Jioni akitoka kazini, kabla ya maji ya kunywa, ni hiyo. Ati kiziwi."

Kwa hiyo hilo nalo lilikuwa limefika. Nilitazama maharagwe.

"Nilete mbuzi wa fidia?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Mbuzi atafanya nini? Mbuzi alimtusi?" Akapeperusha ungo. "Mdomo wako hauwezi kuingia kwake. Lakini hicho kimashine si mkwe wa mtu. Kinaweza kuingia. Kilete kiende kimwombe msamaha chenyewe. Tangu gramafoni ya kakangu iharibike, huyo mama hajasikia hiyo nyimbo, isipokuwa siku ile yako."

Basi nikachukua kisanduku cheusi. Karani alibaki na cha valvu, na alifurahi, kwa maana hicho ndicho alichokitaka tangu mwanzo kwa ajili ya kung'aa kwake. Nilimwambia ukweli kuhusu swichi na hakucheka. Sikukihitaji kile cheusi. Cha zamani kilikuwa kimepona. Nilikichagua kwa ajili ya ile pumzi.

Tulipakia kila kitu kwenye gari, mimi na mke wangu, spika zimefungwa kwa mablanketi kama wagonjwa. Tulipofika Webuye, kwenye reli, alinigeukia. "Hapa ndio ulitoa treni yako," alisema. Nilikaza macho barabarani.

Senge alikuwa ametangulia. Mama mkwe alikuwa ameambiwa, naye amekwenda kwa jirani ili nipate nafasi ya kuingia. Kilikuwa chumba kidogo, vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, picha ya marehemu ukutani, blanketi yangu ndani ya nailoni. Nikapanga vitu. Nyumbani huwa naziweka spika zielekee kiti changu, kwa kipimo, na wageni hukaa popote wanapoangukia. Nikamwuliza mke wangu mama yake hukaa wapi. Akanionyesha kiti cha pembeni, karibu na dirisha, mto wake umebonyea katikati. Nikazigeuza spika zikielekee. Nilichuchumaa karibu na kile kiti, bila kukikalia, nikasikiliza kama zinafika. Niliangalia swichi chini ya kisanduku, nikaiangalia tena, na tena. Nilimwonyesha mke wangu namna ya kushusha sindano. "Najua," alisema. "Niliinua, si ndio?"

Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikakaa kwenye kigoda karibu na jiko la kuni, mgongo wangu ukutani. Baadaye kidogo nikasikia kikohozi mbele ya nyumba, kisha fimbo. Kiti kikalia. Sindano ikashuka.

Kutoka nje, nyuma ya ukuta wa matofali, santuri haina uzuri wowote. Sauti nzito zinapita, za juu zinabaki ndani. Yote niliyoyachagua Jumatatu ile, unyoofu, wepesi, na ile pumzi, hayakunifikia. Nilisikia mdundo na kitu kama kwaya ya mbali. Alipopanda nilijua tu kwa sababu wengine walinyamaza. Niliwaza kwamba hivi ndivyo alivyokaa yeye jikoni kwangu, isipokuwa kwamba kwangu yowe lilipita ukuta, na maneno yangu baada yake.

Wimbo ukaisha. Nilingoja muda mrefu hata nikafikiri ameondoka kwa mlango wa mbele. Kisha sindano ikashuka tena. Safari hii, wengine waliponyamaza, sauti nyingine ikaingia juu ya ile ya sahani. Ilikuwa chini sana, imechakaa, inachechemea, haikujaribu hata kupanda. Ilitembea chini ya yule msichana ikimfuata. Ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti ya mama mkwe wangu. Niliinamisha uso kwenye magoti, karibu na majivu, nikalia kwa aibu, na sikujali senge ambaye alikuwa amesimama kwenye migomba akiniangalia.

Wimbo wa pili ulipokwisha, alizungumza. Alizungumza kwa nguvu, na kwa Kiswahili. Yeye na binti yake hawazungumzi Kiswahili wakiwa wawili.

"Mwambie huyo mkwe wangu," alisema, "wiki ijayo treni inarudi Kitale. Iko na jicho ingine ya kutengenezwa."

"Nitamwambia, mama," mke wangu akajibu.

"Na mvua ikinyesha, itapitia jikoni. Mwambie aondoke relini."

Senge alicheka mpaka akashika mgomba. Mimi sikuweza kucheka, wala kujibu, kwa sababu mkwe hajibu. Nilisikia fimbo ikianza kuja upande wa nyuma, kuelekea jikoni. Nikainuka haraka, nikaingia ndani ya mahindi, nikampa mgongo, nikasimama hapo mpaka alipopita.